Neno Lililokaa Nyuma ya Jina la Tokieda

Jamani, Bi Kuwabara Shizue na kalamu yake nyekundu ni moto! Miaka thelathini na moja anasahihisha gazeti la jioni la mji wa Kamiori, kule Japani. Hajasomea sheria hata siku moja, ila maneno ya polisi anayajua kuliko waandishi wote pale ofisini.

Siku hiyo saa sita mchana, mitambo inakaribia kuwashwa, ukurasa ukatua mezani kwake. Ghala la soya limeungua, na Tokieda, muuza tofu, ile jibini ya soya, yuko polisi. Nyuma ya jina lake wameandika yogisha.

Bi Kuwabara akaganda. Gazetini mtu ni Tokieda-san, kwa heshima. Akikamatwa tu, ile san inang'olewa, panakaa yogisha, yaani mshukiwa, na mji mzima unalisoma ukila wali. Lakini aliyeitwa kuulizwa maswali tu ni sankonin, na jina lake halitajwi kabisa!

"We Onodera, huyu kakamatwa?" alimuuliza mwandishi.

"Si yuko kituoni tangu asubuhi, dada?"

"Mimi jana nimeshinda hospitali. Nimekuwa daktari?"

Ofisi nzima ikacheka. Mhariri hakucheka. "Bi Kuwabara, muda! Kama tumekosea, kesho tutasahihisha."

"Na kesho tofu yake atanunua nani, bosi? Wewe?"

Huku anasema, huku anapiga simu. Naibu mkuu wa kituo, ndiye anayeongea na magazeti, akaguna weee, mwisho akasema, "Amekuja kwa miguu yake. Hati ya kumkamata hatuna. Ni sankonin."

Kalamu ikapita, shwaaa! Jina nje, yogisha nje. Yakabaki maneno haya tu: mtu mmoja anahojiwa. Mhariri alinuna mpaka mitambo ikawaka.

Siku ya nne polisi wakatangaza kilichochoma ghala: waya wa umeme, umetafunwa na panya.

Jioni hiyo tarumbeta ya Tokieda ya kuitia wateja wa tofu ikalia mtaani kama kawaida, wateja wamejipanga kama kawaida. Bi Kuwabara akashuka na bakuli.

"Mbili leo, Tokieda-san."

"Mbili? Una wageni, mama?"

"Nina njaa tu."

Akamkatia mbili, akamwongezea na kipande cha kukaanga, halafu akaendelea kupuliza tarumbeta yake. Hajui kitu mpaka leo.