Kichwa cha Mistari na Vifaranga Mia Nane

Walimwita Mistari tangu enzi zake za kupiga chokaa uwanja wa mpira. Siku ya fainali, mstari wa katikati ulimpindia mpaka timu moja ikapata uwanja mkubwa kuliko mwenzake, na waliofungwa siku ile wakikutana naye mpaka leo hawaitikii salamu. Baadaye akaandika vibao vya maduka, akaanguka na ngazi. Mwishowe akaangukia kwa shemeji yake, mke wa kaka yake, mwenye mabanda matatu ya kuku. Shemeji hakumuuliza anajua nini. Alimwonyesha toroli la mavi.

Miaka miwili alilisukuma. Tairi lake lilikuwa likilia kwii, kwii, na kuku wote walimjua kwa mlio huo kabla hajaingia.

Kilichomtoa kwenye toroli ni bwana mifugo aliyehamishwa. Kabla ya kuondoka aliacha kompyuta yenye programu ya kuchora vipimo, pamoja na kamera ya joto, akamfundisha Mistari alasiri mbili. Kamera ilifungwa darini, katikati ya banda la vifaranga. Ilipiga picha mbili kwa mpigo: moja ya kawaida, na nyingine ambayo kila nukta yake ni namba ya joto. Programu ilizichukua zile namba, ikaunganisha kwa mstari sehemu zote zenye joto sawa, kama kontua zinavyozunguka milima kwenye ramani za shule. Halafu ikailaza ile mistari juu ya picha ya kawaida. Mistari alipoona mistari inajichora yenyewe, bila chokaa na bila kamba, nusura alie.

Shemeji yeye hakulia. Kundi lililopita, vifaranga sitini walikufa kwa kurundikana wakitafuta joto.

"Sikiliza, shemeji," alisema, amesimama nyuma ya kiti cha kompyuta. "Leo wameingia mia nane. Wakitulia, kiti hiki ni chako. Wakirundikana tena, toroli liko palepale ulipoliacha. Tairi nimelijaza upepo mimi mwenyewe."

Basi asubuhi hiyo Mistari akakaa mbele ya kompyuta, kwenye kiofisi kilichoshikana na banda, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Akachora. Mistari ikatokea, miviringo mizuri yenye namba zake. Mlangoni joto thelathini na sita. Ukuta wa nyuma ishirini na sita.

"Wanaganda kule nyuma!" akapiga kelele. "Bibi! Majiko yote mawili nyuma, haraka!"

Bibi ndiye aliyelisha vifaranga na kuosha vyombo vyao vya maji. Alikuwa na kuku tangu kabla Mistari hajaota meno. Alisimama na koleo mkononi, akaangalia mlango unaopitisha upepo, akaangalia ukuta wa nyuma.

"Nyuma, mjukuu wangu? Mimi nikipita huko natoka jasho."

"Jasho ni la umri, bibi. Namba hizi hapa."

Bibi akahamisha majiko ya mkaa kutoka katikati hadi ukutani. Alivuta pumzi ndefu ambayo Mistari aliisikia kutoka kwenye kiti.

Nusu saa haikupita, bibi akaita. Vifaranga mia nane walikuwa wameacha mbele, wameacha nyuma, wamejipanga katikati ya banda kutoka ukuta hadi ukuta. Mstari mmoja mnene, wa manjano, unaopiga kelele. Wa pembeni walikuwa wameanza kupanda migongoni mwa wenzao.

"Wamekuchorea na wao," alisema bibi. "Tena wao hawakupinda."

"Wamekosea," alisema Mistari. "Mlangoni ndiko kwenye joto. Hawajazoea banda, ndiyo maana."

Akachukua ufagio, akaanza kuwasogeza mlangoni taratibu. "Twende, watoto. Ramani inasema huku." Wakaenda hatua tatu, wakageuka, wakapita katikati ya miguu yake kurudi walikotoka. Akazunguka, akawaswaga tena. Wakamzunguka. Mmoja alipanda juu ya kiatu chake akakaa, na huyo tu ndiye aliyekubaliana naye.

Nyuma yake akasikia kikohozi. Ni shemeji, ameshika kompyuta wazi kama sinia.

"Shemeji, hebu njoo. Huyu nani?"

Kwenye picha, chini kushoto, karibu na mlango, palikuwa na kitu cha duara kinachong'aa.

"Ni mimi. Nilikuwa naingia kamera ilipopiga. Hicho ni kipara changu."

"Haya. Mtu ana joto au hana?"

"Analo."

"Mbona kipara hakina hata mstari mmoja? Kwa picha hii, wewe ni marehemu."

Bibi akasogea kuangalia. "Na huku juu kushoto," akasema akigusa kioo kwa kidole chenye pumba, "nani huyu aliyezungushiwa viduara na hayupo?"

Mistari akatazama. Kule ukutani, mahali pasipo na mtu wala kitu, palikuwa na viduara vidogo vizuri, ukubwa wa kichwa chake kabisa. Thelathini na nne katikati.

Hapo akaelewa. Programu ilipanga safu za picha kuanzia juu kushuka, mistari ikaipanga kuanzia chini kupanda. Mlango umekwenda ukutani, ukuta umekuja mlangoni, na kichwa chake kimehama bila yeye.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Majiko yalete mlangoni."

"Yako njiani," alisema bibi. Kumbe alishalibeba la kwanza.

Mistari akapiga magoti kwenye pumba, kompyuta juu ya ndoo, akatafuta kile kisanduku kidogo cha kuamua mistari ianzie wapi. Akakigusa. Mistari yote ikapinduka kwa pamoja, na vile viduara vikashuka vikatua kwenye kipara chake kama kofia.

Kufikia saa sita vifaranga walikuwa wametawanyika banda zima kama mtama uliomwagika, wengine wamelala miguu imenyooka nyuma. Shemeji akawahesabu waliokufa. Hakuna.

"Kuanzia kesho," akasema, "kila picha ikipigwa, usimame pale mlangoni. Bila kofia. Kichwa kikikosa duara, sitaki kuiona hiyo ramani."

"Kila siku, shemeji?"

"Kila siku."

Kuhusu kiti hakusema lolote, na Mistari aliogopa kuuliza. Kesho yake asubuhi alipita karibu na toroli akielekea kusimama mlangoni. Tairi lilikuwa bapa. Mtu alikuwa amelitoa upepo wote, na kifuniko cha vali ndicho alichokuwa amekikuta juu ya kiti chake ofisini.

"Sawa, hongera," bibi alimpigia kelele kutoka bandani. "Na mavi je? Vua kofia, halafu uniambie mavi atasukuma nani!"