Nilivuta tumbaku tatu kwenye kiko kimoja, kikao kikakaa ukweni Mtoni

Wakuu, habari za huko mliko.

Kabla sijaulizwa picha: picha hakuna. Kiko chenyewe hakilali kwangu tena, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini. Mengine nayasema kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayonionyesha mjinga, na hayo ndiyo mengi.

Mie ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Naishi Kibamba na mke wangu Rosi na binti yetu Neema, miaka minne. Ukweni ni Mtoni, Temeke. Baba mkwe ni mchonga vinyago, mtu wa Newala. Anasema amestaafu, lakini kila siku utamkuta kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba, patasi mkononi.

Nilipomuoa Rosi, mzee alichonga viko viwili kutoka gogo moja la mpingo. Kimoja chake, kimoja changu.

Kila Jumapili baada ya chakula tulikuwa tunakaa kibandani tunavuta. Na ana utaratibu wake: kiko changu anakijaza yeye, anakiwasha yeye, anavuta mara mbili tatu mpaka moto ushike, ndipo ananikabidhi. Mie namfanyia hivyo hivyo kwa chake. Hatuongei sana. Wakwe mtaongea nini saa nzima?

Tumbaku yake ni moja tu, ya kijijini, kali, harufu yake kama godoro linaloungua. Rosi amekulia kwenye moshi ule. Kwake yeye tumbaku ni ile, nyingine haipo duniani. Hilo mlishike, tutalihitaji mbele.

Sasa mwaka jana Neema akaanza kubanwa kifua. Daktari akasema moshi mwiko karibu na mtoto. Rosi akanikalisha chini, tukakubaliana: kiko ni Jumapili tu, Mtoni, kibandani, na nikirudi shati linaingia kwenye beseni kabla sijamshika mtoto. Siku nyingine zote hakuna.

Nikaapa. Tena niliapa nimempakata Neema mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Nikakaa kwenye kiapo miezi minne, safi kabisa.

Halafu mzee akasafiri kwenda Newala kwenye msimu wa korosho, mwezi na ushee. Jumapili zangu zikafa. Wiki ya kwanza nikavumilia. Wiki ya pili nikawa nagombana na madereva wa ghalani kwa vitu vya kijinga.

Hapo ndipo akatokea Sudi.

Sudi ni rafiki yangu wa siku nyingi, anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja Mbezi Beach. Kuna mgeni mmoja, babu wa Kizungu, aliondoka akamwachia vikopo vitatu vya tumbaku ya kiko vikiwa nusu nusu. Sudi havuti. Akaniletea.

Wakuu, ile siyo tumbaku niliyoizoea. Kopo la kwanza vanila. La pili cheri. La tatu maua ya waridi, unafungua tu unahisi umeingia kwenye sherehe ya kitchen party.

Nikajiambia, hii siyo kama ile ya mzee, hii ni kama peremende. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nikajipangia ratiba kama ya shule. Jumatatu vanila, Jumatano cheri, Ijumaa waridi. Mchana, nyuma ya ghala, kwenye mifuko ya saruji iliyoganda. Kiko nakificha kwenye droo ya meza yangu.

Wazoefu wa viko mliomo humu najua mnashika vichwa. Kiko ni kimoja, tumbaku ni tatu. Wiki ya kwanza kila moja ilikuwa na ladha yake. Wiki ya pili vanila ikaanza kuleta waridi, na cheri ikaleta vyote viwili. Ni kama kunywa chai kwenye kikombe ambacho mtu ameyeyushia sabuni ya kuogea. Nikadhani tumbaku imeharibika, kumbe ule ukoko mweusi wa ndani ya kiko unakunywa kila kinachopita na hausahau.

Mie nikawa naona tatizo ni ladha, kumbe shati langu lina ratiba ile ile.

Ijumaa ya wiki ya tatu narudi nyumbani nakuta begi la Rosi liko sebuleni limefungwa, Neema amevalishwa viatu.

"Baba Neema, Jumatatu ulikuja unanukia keki. Jumatano unanukia mafuta ya midomo. Leo waridi. Na wiki iliyopita hivyo hivyo, siku zile zile. Ni watatu au ni mmoja anayebadilisha?"

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikapiga hesabu haraka haraka: nikisema ni tumbaku, nimevunja kiapo. Nikasema, "Itakuwa ni pafyumu za wateja."

Wateja. Wanaokuja kununua nondo.

Alipofika getini ndipo nikabadilika: "Rosi, ni tumbaku! Nilikuwa navuta!" Akageuka akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Tumbaku ya kunukia waridi. Hata uongo huujui, Baba Neema."

Akaondoka na mtoto kwenda Mtoni.

Nyumba ikawa kimya. Kiatu kimoja cha Neema cha kuchezea kilibaki mlangoni, nikakiokota nikakiweka juu ya kabati, nikakishusha tena. Niliogopa, wakuu. Sitanii hapo.

Jumamosi asubuhi Sudi akanipigia kuniambia mzee amerudi kutoka Newala, wamekutana Mtoni, na amemtuma aniambie kikao cha familia ni Jumapili. Na akili yangu ilivyo, nikawaza kwanza kiko. Mzee atakiwasha, ataonja, atajua nimekichezea. Ijumaa ile ile usiku nilirudi ghalani nikachukua kiko, vile vikopo nikavitupa kwa kiwewe, na gari la taka limeshapita. Nikakijaza kiko chumvi, nikamimina pombe kali nyeupe mpaka juu, nikakiacha kutwa. Kwenye mitandao wanasema hiyo inaondoa harufu zote. Jioni chumvi ilikuwa ya kahawia kama sukari guru. Nikaimwaga, nikasuuza, nikanusa: hakuna kitu. Nikajipongeza.

Jumapili nafika ukweni nimechomekea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Tukakaa kibandani: mzee, shangazi yake Rosi, Rosi na mie. Mama mkwe alikuwa ndani na Neema. Namsikia mtoto anakohoa kidogo, halafu anacheka.

Shangazi akafungua kikao. Nikaeleza yote, tangu Sudi hadi waridi. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

"Kopo liko wapi?"

"Nilitupa, shangazi."

"Shahidi?"

"Yupo Sudi, rafiki yangu."

"Rafiki yako ndiye atutolee ushahidi? Mwanaume huyu jamani!"

Hapo ndipo akili ikanirudi. Shahidi wangu mmoja tu duniani alikuwa ni kiko, na jana yake nilikuwa nimemwosha kwa mikono yangu. Rosi alikuwa anaangalia chini, anazungusha pete yake kidoleni, inatoka mpaka kwenye kifundo, inarudi.

Mzee akaweka patasi chini. Akanyoosha mkono.

"Lete kiko."

Akakinusa kikiwa baridi. Akaniangalia. "Umekitia chumvi."

"Ndiyo, baba."

"Na pombe."

"Ndiyo, baba."

"Mpingo hauoshwi hivyo, mkwe. Sasa nikikipasha moto kitapasuka." Akakizungusha mkononi kama anakiona mara ya kwanza. "Lakini kisipopata moto hakitoi kitu."

Hakutia tumbaku. Akachukua koleo, akatoa kaa dogo jekundu kwenye jiko la mama mkwe, akalitia ndani ya kiko kitupu, akavuta taratibu.

Moshi mwembamba ukatoka. Sisi wote tukasogeza pua kama watu wanaonusa gesi.

"Rosi," mzee akasema, "njoo."

Rosi akainama. Akafumba macho. "Keki," akasema. "Hii ya Jumatatu."

Mzee akavuta tena. "Na hii?"

"Mafuta ya midomo. Jumatano."

Shangazi hakukubali kirahisi. "Na wa tatu je? Wa waridi yuko wapi?"

Mzee akavuta. Hakuna. Akavuta tena, ikatoka keki ile ile. Wakuu, mtu mzima nilikuwa namwomba Mungu anisaidie nipate harufu ya maua.

Ndipo tukasikia: tah!

Ufa ukapanda kutoka chini ya kiko hadi mdomoni. Kiko alichokichonga yeye, gogo moja na chake. Mzee hakushtuka. Akamwaga kaa, akauchomoa mrija, akaunusa, akampa shangazi.

Nilikuwa nimeosha kiko, mrija nikausahau.

Shangazi akanusa. Akanusa tena. "Waridi," akasema kwa sauti ndogo, akampa Rosi.

Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, nikadhani mambo yamekwisha.

Rosi akaniuliza, "Kwa hiyo wanawake hawapo."

"Hawapo, mama."

"Ila ulivuta. Wiki tatu. Uliapa umempakata mtoto, halafu ukaja kunibishia mlangoni."

Nikamwangalia mzee anisaidie. Akapangusa patasi yake kwa kitambaa. "Hapo mie simo," akasema.

Rosi alirudi Kibamba baada ya siku tisa. Sikumlaumu hata siku moja.

Mafunzo sasa. Kwa wavuta viko: kila tumbaku na kiko chake, na mkisafisha msisahau mrija. Kwa wanaume wenzangu: ukweli uutoe mlangoni ungali wa kwako, ukingoja ukatolewe na mkweo kwa koleo utakuwa umechelewa.

Mimi nimeacha. Kiko mzee amekifunga waya wa shaba pale penye ufa, kinaning'inia kibandani kwake. Jumapili anawasha chake, changu ananipa kitupu nikishike tu, na tunakaa vile vile bila kuongea.

Na kila jioni nikifika nyumbani nasimama mlangoni, Rosi ananusa kola ya shati ndipo naingia. Sijawahi kulalamika. Wiki iliyopita Neema naye akataka zamu yake, nikainama, akanusa kwa nguvu mpaka akapiga chafya.

"Baba ananukia saruji," akamwambia mama yake.

Rosi akacheka, akanipokea begi.

Haya, uwanja wenu. Aliyewahi kuokolewa na kitu alichojaribu kukificha aje hapa chini, nisiwe peke yangu. Na wewe uliyeanza kuandika "picha tafadhali", rudi juu ukasome tena.