Shuka Halikuchafuka

Barua hii imeletwa kwenye ukurasa wetu kutoka Kamina. Jina la mwenyewe tunalijua sisi peke yetu, nanyi hamtaliona hapa.

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tisa. Asubuhi baridi kidogo. Moshi wa majani yanayochomwa mashambani ulifunika njia ya reli mpaka jua lilipopanda.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mke wa ndoa ya kanisa, mama wa mtoto mmoja. Tunakaa kwenye nyumba za watu wa reli. Mume wangu anatia makaa kwenye mashine ya treni. Mimi nilisoma kwa masista mpaka nikamaliza shule ya kati, na tangu wakati huo kila siku naandika katika daftari langu: tarehe, hali ya hewa, kazi niliyofanya, saa ya kulala. Nawaeleza hayo kwa sababu aibu yangu imeandikwa humo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nina shuka nililotarizi kwa miezi kumi na moja. Nyuzi alininunulia mume wangu. Kila alipofika Elisabethville alirudi na rangi moja, safari hii buluu, safari nyingine manjano, ameificha ndani ya kofia isishike makaa. Nilitarizi ndege kumi na wawili, sita upande wangu na sita upande wake. Lilipokwisha, hatukulilalia. Nilisema makaa hutoka ngozini hata baada ya kuoga, na kazi ya namna ile haiwezi kufuliwa kila juma. Nikalifungia sandukuni. Nililitandika Alhamisi tu, siku ambayo bibi wa Kizungu anayetufundisha kushona hupita kutazama nyumba zetu, na jioni nililikunja tena kwa mikunjo yake ileile. Sisi tulilalia blanketi la zamani.

Mume wangu alinitania mbele ya wenzake: "Kwangu kuko shuka, iko sawa Sakramenti. Bantu banapiga magoti tu, hakuna mwenye kulala juu yake." Wakacheka, na mimi nikacheka.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, asubuhi, wenzake wawili walimleta nyumbani wamemshika huku na huku. Mvuke ulikuwa umemchoma bega la kushoto mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa wametoka naye zahanati. Dawa ya mafuta ilipenya bandeji na kumtiririka mkononi. Walipokaribia kitanda nikasema, "Ngojeni."

Wakangoja. Mume wangu aliegemea ukuta, meno ameyauma, na mimi nikachomoa ncha nne za lile shuka, moja baada ya moja, nikalikunja. Sikulitupa pembeni, ndugu zangu. Nililikunja vizuri. Yule mwenzake mkubwa akaniambia, "Mama, muntu iko naungua, weye uko nakunja shuka?"

Mume wangu akamjibu, "Umuache. Shuka njo ya kwanza."

Alilalia blanketi siku kumi na tisa. Alipopona na kurudi kazini, alitandika mkeka karibu na mlango akalala hapo. Nilitoa shuka sandukuni, nikalitandika kila siku, nikamwita. Hakunikasirikia. Alisema kwa upole, "Hapana, mama. Minyi niko muntu ya makaa. Nitalichafua." Zaidi ya mwezi mzima nililala peke yangu, na ndege sita wa upande wake walibaki safi kama siku nilipowamaliza.

Jumamosi iliyopita walimtaka ataje tarehe aliyoungua, kwa ajili ya karatasi ya kazini. Yeye hajui kusoma. Akaniambia, "Mama, weye unaandikaka kila kitu. Angalia mu daftari." Nikafungua mbele yake, nikamsomea: "Alhamisi, tarehe 7 mwezi wa sita. Baridi, ukungu. Mume wangu ameungua bega la kushoto." Nikaishia hapo. Akaweka kidole chini ya maneno yaliyobaki.

"Na hapa, inasema nini?"

Hapo imeandikwa: *Shuka halikuchafuka.*

Nilimwambia, "Ni sala. Nilikuombea."

Alikiangalia kile kidole chake. "Kumbe uliniombea," akasema. "Minyi nilizania uliwaza shuka tu."

Jioni ile alioga mara mbili, akasugua kucha kwa mchanga, akakunja mkeka wake mwenyewe, akaja kulala juu ya ndege wake. Asubuhi niliona alama nyeusi ya bega lake kwenye kitambaa. Sikuifua. Mpaka leo sijaifua.

Sasa anamweleza kila mtu kwamba mke wake aliandika sala siku ile ile ya ajali. Mama yake atatoka Kabongo mvua zikianza, na mume wangu amemwahidi kwamba nitamsomea ile sala, yote, kutoka daftarini. Chini ya yale maneno pana nafasi ya mistari miwili. Mara mbili nimechovya kalamu niandike sala hapo, na mara mbili nimepangusa ncha yake bila kuandika. Nikichana ukurasa, ataona umekosekana, maana anaujua ulipo. Nikimwambia kweli, atarudi kwenye mkeka, na safari hii nitajua kwamba nimemrudisha mimi. Nikinyamaza, kila usiku anapumzika juu ya uongo wangu.

Ninyi mlioolewa kabla yangu, na ninyi wanaume mnaosomewa ukurasa huu, semeni nami: nimwambie, au niandike ile sala sasa, hata kama imechelewa miezi mitatu?

Nazima taa saa tano na robo. Amelala tayari, bega la kovu limenielekea.