Baba na Mapumziko ya Saa Nne

Baba ameniliza leo mbele ya wazazi wote.

Mwalimu mkuu wa shule yetu hapa Ikungi anataka kufuta mapumziko ya saa nne, watoto waongezewe kipindi. Kikaoni pale uwanjani, sisi wazazi tukapiga makofi. Tena mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu, jamani!

Baba akanyoosha mkono. Nikaona aibu, maana mzee hakusoma.

Akasema, "Enzi za kijiji cha ujamaa mimi nilichunga ng'ombe. Saa nne dada yangu akitoka darasani ananifundisha kuandika chini, kwa kijiti. Basi mwalimu akafuta mapumziko, eti wasome zaidi. Niliendelea kuleta ng'ombe karibu na shule, nikamsubiri. Hakutoka tena."

Mwalimu mkuu akamuuliza taratibu, "Mlikuwa mmefika wapi, mzee?"

Baba akainama, akaandika vumbini kwa fimbo yake: a e i o u.

"Hapa."

Uamuzi umeahirishwa. Lakini sijali tena kikao, ndugu zangu. Niambieni ningemjibuje baba bila kulia, maana njiani kurudi ameniuliza:

"Hivi baada ya u, ilikuwa inafuata nini?"