Wifi Hafungi Kurasa

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, nami naishi nao nyumba moja, kwa hiyo habari zake msinisimulie. Kompyuta ya nyumba imewekwa kando ya cherehani, na kurasa za mtandao alizofungua zimebanana juu ya kioo mpaka hakuna jina linalosomeka. Feni ya kompyuta inaunguruma kuliko cherehani yenyewe. Kaka, anayechora mabango ya maduka kwenye kompyuta hiyohiyo, akibofya kitu anaweza kwenda kuoga akarudi akakuta bado kinazunguka.

Watu husema wifi ni mvivu wa kufunga. Uongo mtupu. Binti yao, Kidoti, hasikii tangu azaliwe. Hospitali ilisema mzoeeni, ukoo mzima ukaitikia amina, kila mtu akashika hamsini zake. Wifi hakuitikia. Alitafuta video za lugha ya alama, na kila neno akalifungulia ukurasa wake: maji, naumwa, njoo, sitaki. Halafu akajiwekea sheria. Ukurasa haufungwi eti kwa sababu mama amejifunza. Unafungwa siku Kidoti anapolitumia neno mwenyewe, na aliyeambiwa akaelewa. "Sitaki" ulifungwa upesi sana. Mtoto ana damu ya upande wetu.

Jumapili kaka akaitisha kikao. Nimekaa vikao vya talaka na vya mirathi, lakini cha kurasa za mtandao sijapata kukiona. Kompyuta ilikuwa imeganda, bango la mteja likapotea, naye alikuwa amefura.

"Mama Kidoti, leo unazifunga zote," akasema mbele ya mama yetu. "Kazi yangu inaharibika."

"Sifungi, baba Kidoti."

Mama akajaribu kupoza mambo. "Mwanangu, mtoto hasikii. Ndivyo Mungu alivyopanga. Unajichosha bure."

"Acha nichoke, mama. Nikichoka nitapumzika, nikishapumzika nitaendelea. Mbona anayesikia hamumnyimi maneno?"

Hakupandisha sauti, wala hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilishona. Nilitamani kupiga vigelegele. Nikajikaza, maana mama alikuwa ameshanikata jicho.

Kaka akavuta kiti, akashika kipanya. "Basi nitafunga mwenyewe. Naanza na wa kwanza kabisa."

"Anza."

Akabofya. Ukurasa wa zamani kuliko zote ukajaa kiooni: mwanamke ameganda na mkono juu, katikati ya neno.

"Hili neno gani?"

"Baba," wifi akasema. "Analijua tangu mwaka juzi. Anakuambia kila asubuhi ukitoka chumbani. Wewe unadhani anacheza, unampungia mkono, unapita."

Cherehani ikanyamaza. Mama akajifanya anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

"Ufunge, kama sasa umeelewa," wifi akasema. "Kama hujaelewa, uache."

Kaka hakubofya. Alimgeukia Kidoti, aliyekuwa amekaa sakafuni akipanga vipande vya vitambaa, akamtazama kitambo. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, akauangalia kama chombo cha kuazima.

"Mimi namjibuje?" akauliza.

"Usiniulize mimi," wifi akasema, akakanyaga cherehani tena. "Mwenye neno huyo hapo."