Upande wa Ziwa

Ijumaa moja katikati ya mwezi wa pili, mwaka 2025, nilimpoteza mume wangu Ramazani, muuza vitenge wa Nyawera, hapa Bukavu. Nilichelewa sana kujua kwamba nimempoteza. Mengi ninayoandika hapa ni ya muda huo wa kuchelewa.

Asubuhi ile nilifanya kazi yangu ya kila Ijumaa. Nilipiga pasi kanzu yake nyeupe, nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka kipande cha udi, nikaitandaza kanzu juu ya moshi mpaka ikashika harufu. Mama yangu alimfanyia baba hivyo kule Uvira, na bibi alimfanyia babu. Watu wetu walitoka pwani na desturi hiyo zamani, pamoja na biashara ya nguo. Udi wenyewe ulitoka Dubai. Shabani, mdogo wake Ramazani, anakaa huko, na ndiye aliyekuwa anatutumia mali.

Redio ilikuwa imesema vita vimefika Kavumu, kwenye uwanja wa ndege. Barabarani askari wa serikali walikuwa wanashuka kwa miguu, wengine wamebeba magodoro kichwani. Jirani yetu, Maman Furaha, alimwona Ramazani anavaa kofia akamwita kutoka kwake, kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Asha! Batu banakimbia, weye uko unajitia parfum?"

"Si parfum, maman, ni udi. Kama risasi inakuja, inikute ninanukia."

"Mungu akusamehe na hiyo mudomo yako."

Alicheka. Akaniambia atasali, kisha atapita kwenye duka atoe marobota mawili ya vitenge, yale mazuri, asije akayaacha kwa waporaji. "Niko narudia," alisema. Msikitini alifika. Shehe wetu alimwona, wakapeana mikono baada ya sala.

Risasi zilianza alasiri.

Nilifunga mlango, nikawalaza watoto chini ya kitanda.

Nilipiga simu yake. Iliita mpaka ikakatika.

Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

Mji ulipotulia kidogo, serikali ikiwa imeondoka na wenye silaha wengine wameingia, nilikwenda dukani. Mlango ulikuwa umevunjwa na rafu zilikuwa tupu. Damu haikuwepo. Nilitafuta damu kila pembe, sikuiona, na nikamshukuru Mungu kwa hilo. Mzee mmoja anayeuza sukari jirani na duka aliniambia watu wenye silaha walipakia vitenge kwenye lori, wakawapandisha na wanaume wa kubeba. Mmoja alivaa kanzu.

"Ni ba upande gani, papa?" nilimuuliza.

"Maman, nilikuwa nimelala chini. Nimeona paka viatu, viatu tu."

Kwetu mume akifa, mke anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila haja, hajipambi, hatii hina wala manukato. Watu wanakuja kukaa naye, wanamwombea, wanampikia. Siku zikiisha anaoga na kuanza maisha mengine. Lakini aliyepotea si aliyekufa. Shehe aliniambia hivyo mapema: mke wa aliyepotea bado ni mke, anangoja. Kwa hiyo sikukaa eda. Nilingoja.

Na kila Ijumaa niliifukiza kanzu yake ya pili, ili akirudi aikute tayari.

Ramadhani ilipofika nusu, redio ilisema wakubwa wa nchi yetu na wa jirani wamekutana Doha. Sikuwahi kuifikiria Doha, mji wa Waarabu jirani na Dubai, kabla ya siku hiyo. Baadaye watu wa serikali wakaanza kukutana huko na wale waliouchukua mji, na ikasemwa kwamba pande mbili zitabadilishana wafungwa. Neno hilo, wafungwa, lilinikalia kifuani. Nilinunua betri za redio kabla ya mkaa. Nilijua saa za habari za kila stesheni. Sikujua ni upande gani uliomchukua Ramazani, basi niliomba pande zote mbili zifungue milango.

Nilimpigia Shabani Dubai.

"Shemeji, weye uko karibu na batu ba Doha," nilimwambia. "Ni Waarabu bamoja. Uliza mtu aulize mtu."

"Hawako wamoja, shemeji. Miaka ya nyuma walikosana, hata ndege ya Doha ilikatazwa kupita kwa majirani. Leo wamepatanishwa, lakini ni kama wake wenza, kila mmoja anataka mgeni ale kwake. Huyu wa Doha anapika amani ya Kongo. Mimi naishi kwa mke mwingine."

"Na huyo wako anapika nini?"

"Huku wananiuliza dhahabu tu. Dhahabu ya Kamituga inafika hapa kabla ya habari ya Kamituga. Nikisema natoka Bukavu wananiuliza bei, hawaniulizi watu."

Alijaribu hata hivyo. Alikwenda kwa mtu, akaambiwa arudi, akarudi, mtu akawa amesafiri. Namshukuru kwa kujaribu.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Wifi yangu Salima, dada yake Ramazani, alitaka nivue nguo za rangi nikae eda kama wajane wengine. Nadhani alitaka kulia, na mimi nilikuwa namzuia. Ijumaa moja alinikuta na chetezo.

"Unafukizia nani kanzu? Majini?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu amekufa, na mke wake ana hina mukononi."

"Nani ameona maiti?"

Alikaa chini akalia, na moshi wa udi ulikuwa katikati yetu. Nilimpa maji. Baada ya hapo hakuja tena nyumbani kwa muda mrefu.

Mara kwa mara redio ilisema wamesaini. Maman Furaha alikuwa ananipigia kelele kutoka kwake, "Maman Asha, bamesha-sign tena!" tunacheka kidogo, kisha tunasikia risasi upande wa milimani na kila mtu anafunga mlango wake.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza alipofika mtu nisiyemjua, amekonda, ameshika ndala zake mkononi. Alisema anaitwa Mushagalusa, ni motari, zamani alikuwa anapeleka abiria Kamituga kwa pikipiki. Aliulizia Maman Asha wa vitenge. Nilimkaribisha. Hakuketi.

"Nilikuwa na bwana yako," alisema.

Alisema nilikuwa, hakusema niko.

Nilimwomba aketi, nikaketi mimi pia, chini.

Walipandishwa kwenye lori moja siku ileile. Walipelekwa upande wa Kalehe, wakafungiwa kwenye stoo moja juu ya mlima, watu wengi. Aliniambia ni nani waliowafunga, kisha akaniomba nisiwataje, maana anaishi bado hapa na watoto wake. Sitawataja. Si Doha iliyomtoa Mushagalusa. Asubuhi moja mlinzi alifungua mlango akawaambia waende, bila kueleza.

"Ile kanzu yake ilikuwa inanukia," alisema. "Mule ndani harufu ilikuwa mubaya sana, maman. Batu bote balikuwa banataka kulala karibu na yeye. Tulikuwa tunamuchekesha: papa, weye ni église yetu, kanisa yetu. Anasema, hapana, mimi ni musikiti, muvue viatu."

Nikamuuliza alikufa lini.

"Mbele ya carême yenu. Alikuwa anahesabu siku aanze kufunga, hakufika. Ni maji, maman. Maji ilikuwa chafu, tumbo ikamushika, hakukuwa dawa."

Kabla ya Ramadhani. Kwa hiyo walipokutana Doha mara ya kwanza, na mimi nikaacha futari ipoe nikisikiliza redio, alikuwa amekwisha kuzikwa. Niliomba watu wale wafungue mlango ambao yeye hakuwa nyuma yake.

"Tulimuzika siye," alisema Mushagalusa. "Balitupa jembe moja. Hatukukuwa na Muislamu mwengine wa kutuambia. Lakini mimi ni mutoto wa Bukavu, ninaonaka namna munasalaka. Munaangaliaka ziwa. Basi tulimulaza anaangalia ziwa."

Hapa Bukavu ni kweli. Ziwa liko kaskazini yetu, na kibla iko huko huko, kwa hiyo tunasali tukielekea majini na watu wote wanatuona. Lakini Kalehe iko magharibi ya ziwa. Ukiangalia ziwa kutoka kule, unaangalia mashariki, si kibla.

Nilimpa chai na mkate, nikajifunika nikaenda kwa shehe.

Nilimweleza yote, kisha nikamwambia nimekuja anielekeze, kesho nianze eda. Shehe aliinamisha kichwa.

"Eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, mama, si tangu siku ya habari. Yako imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Imekwisha katikati ya mwaka."

"Haikubaki hata siku moja?"

"Hata moja."

Aliahidi sala ya ghaibu Ijumaa, ile inayosaliwa kwa maiti aliye mbali. Juu ya kulazwa kwake alisema waliomzika walifanya walichokijua, na Mungu anaona nia. Nilisema ndiyo. Nilirudi kwa miguu. Katikati ya mwaka nilikuwa na hina mkononi, nasikiliza Doha. Nilikuwa katika eda bila kujua, na nikatoka bila kujua.

Nyumbani Mushagalusa alikuwa bado yupo. Asha, binti yangu mkubwa, alikuwa amemwongezea chai. Redio ya Maman Furaha ilikuwa inasema mazungumzo yataendelea. Mgeni alisimama kuaga, akavaa ndala zake mlangoni, kisha akageuka.

"Maman, tulimulaza muzuri, sindiyo?"

"Muzuri, baba," nilimwambia. "Mulimulaza muzuri."