Kinga Mbili za Sauti ya Mama

Sijawahi kuwa mtu wa kuelewa mashine, wala sioni aibu kusema hivyo. Nilichojua ni kupiga chapa. Nilijifunza kwa taipureta, ofisini Lindi, vidole vyote kumi na macho dirishani. Kompyuta niliinunua kwa sababu wateja wa Kibiti walianza kukunja pua wakiona taipureta. Ilikuwa ya mtumba, kutoka Kariakoo, miaka ile ambayo ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilishazoeleka, na vitu tulivyokuwa tukiviona kwa wakubwa tu vikawa vinapangwa chini barabarani pamoja na nyanya. Nikaiweka katika chumba changu cha kazi karibu na stendi. Umeme alinivutia jirani mwenye banda la video. Akiwasha jenereta yake baada ya adhuhuri, nami naanza kazi, akizima, nimefunga.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kadi za harusi, barua za watu za kuomba kazi, na sauti ya mama.

Mama hakujua kuandika. Nilipokuwa Lindi alikuwa akienda kwa jirani mwenye redio kaseti kule kijijini kwetu Mtunda, anazungumza anachotaka, kisha ukanda unatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi. Wengi wa kwetu walisalimiana hivyo. Kanda nilikuwa nazirudisha ili arekodi tena juu yake, ila mmoja ukabaki kwangu, sikumbuki kwa nini. Niliporudi Kibiti, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu ambaye ni fundi redio, aliunga waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta, akaihamisha ile sauti. Tulicheka sana siku hiyo. Baadaye redio ikautafuna ukanda wenyewe. Sikujali. Mama alikuwepo, na alikuwa na mdomo kuliko redio yoyote.

Kisha mama akapooza. Mkono na mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu: haya. Ukimwamkia, haya. Ukimpa uji, haya. Akikasirika, ni hiyo hiyo haya, kwa sauti ya kukufukuza. Nilimleta kwangu, na mchana nikawa namkalisha kwenye mkeka chumbani mwa kazi, mgongo ukutani, apate kuona watu wa stendi. Siku moja, kwa kutojua nimfanyie nini, nikaifungua ile sauti. Akainama kutazama nyuma ya kompyuta, kisha akanitazama mimi. Sikujua anamtafuta nani. Nilitaka kumwambia, "Ni wewe, mama," nikaogopa, sijui nilichokiogopa. Tangu siku hiyo kila jenereta ikianza kunguruma alikuwa ananyoosha mkono ulio mzima kuelekea kwenye mashine. Haya, haya.

Sasa nikawa na kitu cha kupoteza. Wateja walikuwa wakija na disketi zao, na stendi nzima ilikuwa inazungumzia virusi: ofisi fulani imepoteza kila kitu, fulani kaamka kakuta kompyuta tupu. Nikamwendea shemeji. Akaja na CD, akanitilia programu ya kukinga virusi, akapiga kifua.

"Shemeji, hapa hata inzi hapiti," alisema.

Mwisho wa mwezi akaja kaka yangu mkubwa, karani huko Dar es Salaam. Kaka akiingia nyumbani mwa mtu hukagua. Akakaa kwenye kompyuta, akakagua.

"Nani kakuwekea kidude hiki?"

"Shemeji."

"Shemeji yako anajua redio, mdogo wangu. Hii ni kazi nyingine." Akatoa CD yake mfukoni. "Na mama ni mama yangu pia."

Ningesema nini? Yule ndiye aliyeitia sauti mle, huyu ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Kumkatalia mmoja ni kumtangazia mwenzake ushindi. Halafu, kwa akili zangu, niliona komeo la pili mlangoni haliwezi kumdhuru mwenye nyumba. Nikasema ahsante.

Jioni ile ile mambo yakaanza. Kompyuta ilichukua muda wa kupika wali mpaka kuamka. Ikiamka, kinatokea kidirisha chenye maandishi mekundu. Kiingereza nilikuwa nakipiga chapa kutwa bila kukielewa, kwa hiyo nikachukua kamusi, neno baada ya neno. Programu ya shemeji ilikuwa inasema kuna kitu cha hatari humu ndani, kikiitwa kwa jina la programu ya kaka. Nikifute? Nikabonyeza ndiyo. Kabla sijashusha pumzi, programu ya kaka ikafungua kidirisha chake: kuna kitu cha hatari humu ndani, na jina ni la programu ya shemeji. Nikifute? Nikabonyeza hapana. Kikarudi. Nikabonyeza ndiyo. Kikarudi kingine. Mteja wangu wa kadi za harusi akawa ananitazama mimi badala ya kadi. Kila mmoja alikuwa anamwita mwenzake mwizi, na mimi ndiye niliyewakaribisha wote wawili. Yupi mkweli? Au wote waongo? Au kirusi chenyewe kimekaa pembeni kinatucheka?

Hayo ningeyavumilia. Lakini mama akanyoosha mkono, nikaifungua sauti.

"Mwanangu, asalamu alaykumu. Mie mamako. Mie mzima, nimekaa hapa kwa ji..."

Ikaganda. Kioo kikaganda, mausi ikaganda, na sauti ya mama ikanasa palepale: ji, ji, ji, ji, ji. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Ji, ji, ji. Nikageuka, nikamkuta mama ameziba mdomo wake kwa mkono, kama anayetaka kuhakikisha kwamba sauti ile haitoki kwake. Nikachomoa waya ukutani. Niliumia, na niliumia zaidi kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani.

Kila siku ikawa hivyo. Kadi zilifunguka kwa taabu, lakini zilifunguka. Sauti ikifika pale pale inanasa. Shemeji nilipomwambia alisema, "Toa ya kaka yako." Kaka nilipompigia simu alisema, "Mwambie atoe yake kwanza." Nikajaribu kuzitoa mwenyewe, zote mbili zikaniuliza neno la siri. Kumbe kila mmoja aliweka neno lake, mwenzake asije akamwondoa. Hapo hasira zilinipanda mpaka nikacheka.

Nikawaita wote Ijumaa, waje kula baada ya sala. Nilipika wali wa nazi kwa mchele wa Chumbi, na kambale. Walikula sinia moja, wakasifu mchuzi, wakaulizana habari za kazi kwa adabu zote. Tulipohamia chumbani mwa kazi, adabu zikaendelea, na ndizo zilizoharibu.

"Tangulia wewe, bwana," shemeji alimwambia kaka. "Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye wa kwanza kuweka," kaka akajibu. "Tangulia kutoa."

"Yangu nikiitoa, mashine itabaki na nini?"

"Itabaki na yangu."

Nilikuwa natafuta neno la kuwatukana wote wawili bila kumvunjia heshima hata mmoja. Jenereta ikanguruma. Mama, aliyekuwa kwenye mkeka wake, akanyoosha mkono.

"Haya," alisema. "Haya, haya."

Nikaifungua, kwa makusudi. Mwanangu, asalamu alaykumu. Mie mamako. Kaka alikuwa hajawahi kuisikia, nilimhadithia tu. Nikamwona anakaa wima. Nimekaa hapa kwa ji, ji, ji, ji. Mama akaziba mdomo.

Sikuchomoa waya. Nikaiacha iendelee.

Kaka ndiye aliyeuchomoa. Akauchomeka tena, akangoja kompyuta iamke, akaandika neno lake la siri bila hata kutugeuzia mgongo. Programu yake ikatoka. Akampisha shemeji kiti. Shemeji naye akaandika lake, hakusema kitu kuhusu inzi. Ipi ilikuwa na kosa kati ya zile mbili, sikuambiwa, na nadhani hata wao hawakujua. Mashine ilibaki tupu, mlango wazi kwa kila kirusi cha stendi, nami nikawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo disketi ya mtu haiingii mle, mteja akinuna anune.

Nikaifungua sauti. Ikapita pale kwa jirani bila kujikwaa. Ikazungumzia mpunga na ndege wanaoumaliza mpunga. Ikaniuliza nakula nini huko Lindi. Kisha ikasema sehemu ambayo mimi niliizoea, sikufikiria kumtahadharisha mtu.

"Kakako hajaja tangu Idi. Ukimpata, mwambie mama anamngoja."

Kaka akachuchumaa mkekani. "Nimekuja, mama," alisema.

Sauti ikamalizia: "Haya, mwanangu. Haya."

"Haya," akasema mama.

Kaka akaniinulia uso. "Kanijibu mimi, au ameifuata ile sauti?"

Shemeji akanong'ona kwamba niirudishe mwanzo. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono.